Robert Moog: Fundi aliyefunza umeme kuimba, kisha akapoteza haki ya jina lake

Ukifungua programu ya kutengenezea midundo kwenye simu au kipakatalishi chako, haitachukua muda kabla hujakutana na jina Moog. Utalipata kwenye sauti za besi, kwenye filta, na kwenye picha za vinanda vyenye vifundo vingi vya kuzungusha. Wengi hulisoma Muugi. Mwenyewe alilitamka kwa o ndefu, karibu na Mougu. Hebu tuanzie hapo, kwa sababu jina hilo lilimletea heshima, likamponyoka, na akalazimika kulipigania akiwa mzee.

Robert Moog aliaga dunia mnamo Agosti 21, 2005, akiwa na umri wa miaka 71. Huenda wakati huo ulikuwa hujazaliwa. Lakini kama unapiga kinanda kanisani, kama unaunda midundo chumbani usiku wengine wakiwa wamelala, au kama unaweka akiba ununue sinthesaiza yako ya kwanza, maisha yake yanakuhusu. Maswali utakayojiuliza dukani yeye alikumbana nayo zamani: mashine hii inaweza nini, haiwezi nini, na itaungana na nini?

Hilo la tatu ndilo wengi husahau. Ndilo pia lililomfuata Moog maisha yake yote.

Mtoto wa mhandisi wa stima

Alizaliwa Mei 23, 1934 jijini New York, Marekani, akalelewa mtaani Flushing. Babake alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya Consolidated Edison, na nyumbani alikuwa na karakana yake ndogo. Mamake alitaka mtoto awe mpiga piano. Kwa hivyo Bob, jinsi alivyozoeleka kuitwa, alikua akivutwa huku na kule: mazoezi ya piano kwa mama, nyaya na kulehemu kwa baba. Unaweza kukisia ni wapi alipenda kukaa zaidi.

Akiwa na miaka 14 aliunda theremini kwa kufuata mchoro aliouona kwenye jarida la mafundi. Kama hujawahi kuiona theremini, tafuta video yake. Ni ala iliyobuniwa na Mrusi Léon Theremin karibu mwaka wa 1920, nayo hupigwa bila kuguswa. Ina antena mbili. Ukisogeza mkono mmoja karibu na antena ya kwanza, sauti inapanda au kushuka. Mkono wa pili kwenye antena nyingine unaongeza au kupunguza nguvu ya sauti. Inashangaza kutazama, lakini kuipiga vizuri si mchezo, maana hakuna kitufe cha kukuonyesha noti iko wapi. Ni sikio lako na hewa tu.

Alipofikisha miaka 19, yeye na babake walianza biashara ndogo ya kuuza theremini. Mnamo 1961 alitoa muundo mpya uliotumia transista, na katika miaka michache iliyofuata aliuza vifurushi vipatavyo 1,000 ambavyo mteja alijiunganishia mwenyewe nyumbani. Kumbuka kwamba wakati huo bado alikuwa mwanafunzi. Alisomea fizikia katika Queens College, uhandisi wa umeme katika Columbia, kisha akaenda Cornell kwa shahada ya uzamifu, ambayo aliipata 1965. Biashara ilimchelewesha masomo, lakini ilimfunza jambo ambalo darasani halikuwepo: mwanamuziki anataka nini hasa mikononi mwake.

Lugha moja ya volti

Mnamo 1963 Moog alifungua karakana huko Trumansburg, mji mdogo katika jimbo la New York, si mbali na Cornell. Mwaka huohuo alikutana na Herbert Deutsch, mwalimu na mtunzi wa muziki. Deutsch alikuwa na kiu ya sauti mpya za umeme. Siku hizo, mtunzi wa muziki wa aina hiyo alifanya kazi kwa wembe. Alirekodi sauti kwenye utepe, akaukata vipande vipande, kisha akavigandisha upya kwa mpangilio aliotaka. Dakika chache za muziki zingeweza kula wiki nzima.

Kiangazi cha 1964 wawili hao walifungiana karakanani. Moog alileta wazo moja ambalo ukilielewa, umeielewa sinthesaiza.

Wazo lenyewe ni hili. Chukua kifaa kinachotoa sauti kwa umeme. Badala ya kubadilisha sauti yake kwa kuzungusha kifundo kwa mkono tu, mwache umeme mwingine ufanye kazi hiyo. Ukiongeza volti moja, sauti inapanda oktava moja. Ukiongeza nyingine, inapanda tena oktava moja. Kitufe cha kinanda basi kinakuwa njia tu ya kutuma volti fulani. Na kwa kuwa kila kisanduku kwenye mtambo kinaelewa volti, kisanduku chochote kinaweza kukiamuru kingine. Kinachotoa sauti kinaweza kuitetemesha filta. Filta inaweza kufunguka na kufungika kwa amri ya kisanduku cha tatu. Kazi yako ni kuchomeka waya kutoka hapa hadi pale.

Unaona? Hata kabla ya kusifiwa kwa sauti, uvumbuzi wa Moog ulikuwa wa kuunganisha. Alivipa visanduku vyake lugha moja.

Aliusikiza pia ushauri wa watunzi. Vladimir Ussachevsky wa Columbia alimpa maelezo ya jinsi sauti inavyopaswa kuzaliwa na kufa: ipande, ishuke kidogo, itulie, kisha ififie. Hatua hizo nne bado ziko kwenye karibu kila programu ya muziki unayotumia leo. Filta aliyoibuni, ambayo saketi yake hufanana na ngazi ikichorwa, ndiyo hasa aliyoilinda kisheria. Aliomba hataza mnamo 1966 akapewa 1969. Sinthesaiza yenyewe hakuiwekea hataza, na baadaye wapinzani walimiminika sokoni na mashine za namna hiyo.

Kuna uamuzi mwingine aliofanya ambao leo tunauona wa kawaida. Huko California, mvumbuzi mwingine aitwaye Don Buchla alikuwa akitengeneza mitambo ya aina hiyo wakati uleule. Buchla hakutaka vitufe vyeusi na vyeupe vya piano, kwa hoja kwamba ala mpya isifungwe na mazoea ya zamani. Moog aliviweka. Buchla aliwapa wasanii uhuru mpana zaidi. Moog aliwapa kitu ambacho vidole vyao tayari vilikijua. Mshika mbili moja humponyoka, na kila fundi huamua ni lipi litamponyoka.

Nyaya tele, noti moja

Sasa tuwe wakweli kuhusu mtambo huo wa kwanza. Ulijaa kabati zima. Mitambo mikubwa iliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000, pesa za kununulia nyumba wakati huo. Ulitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, hivyo kupiga kodi ya noti tatu jinsi unavyopiga kwenye kinanda cha kanisa haikuwezekana. Joto la chumba likibadilika, sauti ilipotoka na ukahitaji kuitengeneza upya. Na haukuwa na kumbukumbu. Ukipata sauti tamu leo kisha ukang'oa nyaya, kesho uanze tena, ukiongozwa na mchoro ulioandika kwenye karatasi.

Wendy Carlos aliyajua hayo yote, akaamua kuutumia vivyo hivyo. Alichukua muziki wa Johann Sebastian Bach na kuurekodi mstari mmoja mmoja, noti moja moja, akizipanga juu ya nyingine kwenye utepe. Albamu hiyo, Switched-On Bach, ilitoka 1968 na kushinda tuzo tatu za Grammy mnamo 1970. Ghafla kila studio ilitaka Moog. The Beatles waliutumia mtambo huo kwenye Abbey Road, 1969. Keith Emerson wa Uingereza akaupandisha jukwaani, nyaya zake zikining'inia mbele ya mashabiki.

Lakini studio zenye uwezo wa kununua mtambo wa bei hiyo hazikuwa nyingi. Zikishanunua, zimenunua. Oda zilipungua, madeni yakaongezeka. Moog alikuwa mhandisi hodari, ila kwenye hesabu za biashara hakuwa hodari hivyo.

Kinanda kisicho na nyaya

Kilichozaliwa kutokana na shida hiyo ndicho kilicholipeleka jina lake kila mahali. Bill Hemsath, mhandisi wa karakana yake, alianza kuunganisha vipande vilivyobaki vya mitambo mikubwa ili kupata kinanda kimoja kidogo cha kubebeka. Wahandisi wenzake wakaendeleza kazi hiyo, na mnamo 1970 Minimoog ikatoka. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,500.

Walifanyaje? Waliondoa nyaya za nje. Njia ambayo sauti ingepitia iliunganishwa moja kwa moja ndani ya sanduku: visanduku vitatu vya kutoa sauti, vikaingia kwenye filta, kisha kwenye kipaza nguvu. Basi. Hukuweza tena kuunganisha unavyotaka. Mbadala wake, mpiga kinanda aliwasha stima, akazungusha vifundo viwili vitatu, na akawa na sauti ya besi ya kutikisa ukuta. Upande wa kushoto wa vitufe kuliwekwa magurudumu mawili ya kukunja na kutetemesha noti kwa kidole gumba. Angalia kinanda chochote cha kisasa kilicho karibu nawe. Kama kina gurudumu pembeni, ujue asili yake.

Weka faida na hasara kwenye mizani. Walipoteza uhuru wa kuunganisha, jambo ambalo lilikuwa kiini cha uvumbuzi wenyewe. Walipata wepesi, bei ya chini, na mashine ambayo mtu anaweza kuibeba hadi ukumbini. Bado ilikuwa noti moja kwa wakati. Lakini zaidi ya Minimoog 12,000 ziliuzwa kabla ya kukomeshwa 1981. Kraftwerk wa Ujerumani waliitumia. Bernie Worrell akaitumia kuwatolea Parliament besi ile nzito ya fanki ambayo hadi leo watayarishaji wa hip hop wanaikopa.

Mashine zisizosalimiana

Hapa ndipo lile swali la tatu linapouma.

Tuseme ni mwaka wa 1978 na una Minimoog. Rafiki yako ana mashine ya kampuni nyingine. Mnataka ukibonyeza kitufe kwenye moja, zote mbili zilie pamoja. Nyuma ya Minimoog kulikuwa na matundu machache ya kupokea amri kutoka nje, lakini hapakuwa na tundu la kutuma volti za vitufe vyake kwenda kwa mashine nyingine. Iliweza kuamriwa, haikuweza kuamuru.

Hata upande wa kupokea ulikuwa na vikwazo. Ili kuiambia noti ianze, Moog walitumia ishara ya kufunga saketi, ilhali ARP, washindani wao wakubwa, walitumia ishara ya kupandisha volti. Korg na Yamaha, kwenye baadhi ya mashine zao, hawakufuata hesabu ya volti moja kwa oktava moja. Plagi nazo zilitofautiana. Kwa hivyo mashine mbili nzuri zingeweza kukaa meza moja kama majirani wasiosalimiana, mpaka umtafute fundi awatengenezee kisanduku cha kutafsiri.

Lugha moja ambayo Moog aliipa mitambo yake ilikuwa ya nyumbani kwake tu. Nje ya boma, kila kampuni ilikuwa na lahaja yake.

Na Moog mwenyewe wakati huo hakuwa na usemi tena. Madeni yalikuwa yamemlazimisha kuiuza kampuni mnamo 1971. Mwaka wa 1973 ikanunuliwa na Norlin, kampuni iliyomiliki pia gitaa za Gibson. Alibaki kama mwajiriwa ndani ya nyumba yenye jina lake mlangoni, akafunganya virago 1977 mkataba ulipokwisha. Akaelekea North Carolina na kuanzisha karakana mpya aliyoiita Big Briar. Kwa nini hakuiita Moog? Kwa sababu hakuruhusiwa. Jina lilienda pamoja na kampuni.

Fikiria hilo kidogo. Unaondoka kazini, na unaacha pale jina ulilopewa na wazazi wako.

Pini tano

Wakati Moog anaanza upya, tarakilishi zilikuwa zinaingia ndani ya vinanda. Mnamo 1978 Dave Smith alitoa Prophet-5, yenye uwezo wa kupiga noti tano kwa pamoja na kukumbuka sauti ulizoziunda. Shida ya kutosalimiana ilizidi kuwa aibu. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland huko Japan, akawaendea washindani wake na pendekezo la lugha moja ya wote. Smith akaliandika wazo hilo kwa undani wa kiufundi. Kampuni za Japan na Marekani zikakaa, zikabishana, zikakubaliana. Lugha hiyo ikaitwa MIDI.

Moog hakuivumbua MIDI, lakini alikuwa miongoni mwa walioitangaza kwa umma, kupitia makala yake katika jarida la Keyboard mnamo Oktoba 1982. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko California, Prophet-600 ya Smith iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland kwa waya mmoja wenye plagi ya pini tano. Kitufe kikabonyezwa upande mmoja, sauti ikatoka pande zote mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ila MIDI nayo ina mipaka yake, na ni vizuri uijue kwa sababu bado unaitumia. Kwanza, haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti hii imebonyezwa, kwa nguvu hii, sasa imeachiliwa. Pili, ina chaneli 16 tu kwa waya mmoja. Tatu, vitu vingi hupimwa kwa hatua 128, kuanzia 0 hadi 127, hivyo ukizungusha kifundo polepole unaweza kusikia sauti ikiruka ngazi ngazi badala ya kuteleza. Nne, kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde. Noti moja huchukua karibu milisekunde moja kupita, na noti kumi ulizozibonyeza kwa pamoja hupita zikifuatana kama watu kwenye mlango mwembamba. Tano, waya wake haupaswi kuzidi takriban mita 15.

Waliokubaliana walijua mipaka hiyo. Walichagua kitu rahisi na cha bei nafuu ambacho kila mtu angekiweka, badala ya kitu bora ambacho kingebaki kwa wachache. MIDI 2.0 ilikuja 2020, miaka 37 baadaye.

Dijitali yabisha hodi

Mwaka huohuo wa 1983 Yamaha walitoa DX7. Hii ilikuwa dijitali kweli, sauti zake zikizaliwa kwa hesabu iliyogunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Hebu tuipime jinsi Moog angepima mashine.

Sifa zake: noti 16 kwa pamoja, sauti 32 kwenye kumbukumbu, vitufe vinavyohisi umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na haikupotoka kwa sababu ya joto. Bei yake ilikuwa chini ya dola 2,000. Ilinunuliwa kama njugu.

Mipaka yake: iliweza kutoa aina moja tu ya sauti kwa wakati, hivyo piano na besi kwa pamoja ilikuwa ndoto. Tundu la kutoa sauti lilikuwa moja, yaani mono. Ilikuwa na matundu ya MIDI, lakini ilituma maagizo kupitia chaneli ya kwanza pekee, kwa hivyo kama ungetaka iongoze mashine kadhaa, kila moja kwenye chaneli yake, ungekwama. Na vifundo vilitoweka. Kuunda sauti kulimaanisha kubofya vitufe na kukodolea macho kioo kidogo. Watu wengi hawakujisumbua, wakatumia sauti zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za miaka ya 80 zina piano ileile ya umeme inayolia kama kengele.

Ungetarajia Moog, mzee wa vifundo na volti, aipige vita dijitali. Hakufanya hivyo. Kuanzia 1984 hadi 1988 alifanya kazi na Kurzweil kama makamu wa rais wa utafiti wa bidhaa mpya. Kampuni hiyo ilikuwa imetoa K250, kinanda cha dijitali chenye vitufe 88 na sauti za ala halisi zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu. Ilipiga noti 12 kwa pamoja na iliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Mtu aliyejenga jina kwa mashine za analogi alikwenda kujifunza ng'ambo ya pili ya mto.

Na alirudi na jibu. Alipoendelea na Big Briar alitengeneza theremini tena, ala yake ya utotoni, na kwa muda akafundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Asheville. Kampuni ya zamani yenye jina lake ilikuwa tayari imefilisika. Wengine wakajitokeza kudai jina hilo. Baada ya mvutano wa kisheria, mnamo 2002 Moog aliruhusiwa tena kuiita kampuni yake Moog Music. Alikuwa na miaka 68, na tayari alikuwa amepokea tuzo ya Polar Music Prize nchini Sweden mwaka uliotangulia.

Mashine aliyoitoa kwa jina lililorudi ni Minimoog Voyager. Ndani yake utaona kila alichojifunza. Sauti ilibaki ya analogi. Vifundo vikarudi. Kumbukumbu ikawa ya dijitali, na MIDI ikawekwa nyuma. Lakini bado ilitoa noti moja kwa wakati, na kama ulitaka matundu ya kutuma volti zake kwa mashine nyingine, ulihitaji kununua kisanduku cha ziada. Hata mwisho kabisa, fundi huyu alichagua cha kuweka na cha kuacha.

Aprili 2005 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye ubongo. Miezi minne baadaye alikuwa ameondoka, huko Asheville.

Wewe unayeweka akiba

Sasa rudi kwako. Umeona kinanda dukani au mtandaoni kinachojisifu kuwa na sauti 600. Usiishie hapo. Zungusha nyuma uangalie matundu.

Je, kina MIDI ya pini tano au USB pekee? USB ya mraba kwa kawaida ni ya kukiunganisha na tarakilishi. Vinanda viwili vyenye tundu hilo pekee havitaelewana moja kwa moja, lazima kuwe na tarakilishi au kifaa maalum katikati. USB ya bapa kwenye vinanda vingi ni ya kuchomeka flashi tu. Uliza pia kama USB hiyo inapitisha sauti au maagizo ya MIDI peke yake, la sivyo utafika nyumbani ugundue kwamba kurekodi kunahitaji waya mwingine na kifaa kingine. Angalia kama tundu la kutoa sauti kwenda kwa spika za ukumbi lipo, au ni la visikizi tu. Angalia tundu la pedali. Na kama kinajivunia Bluetooth, kumbuka kwamba sauti kupitia Bluetooth huchelewa kidogo, na ucheleweshaji mdogo kwa msikilizaji ni mkubwa kwa mpigaji.

Baada ya hapo jiulize unachotaka kufanya. Kama ni ibada ya Jumapili, noti nyingi kwa pamoja na sauti nzuri ya piano vina maana kuliko vifundo 40. Kama ni kuunda midundo nyumbani, kinanda kidogo chenye USB inayoeleweka na programu nzuri kinaweza kukufikisha mbali kuliko mashine ghali isiyosema na tarakilishi yako. Kama unataka kuelewa sauti inavyozaliwa, tafuta chenye vifundo, hata kama kinapiga noti moja.

Na jambo la mwisho si la kinanda. Ukianza kuuza midundo yako, soma mkataba kabla ya kutia sahihi, hasa pale palipoandikwa jina lako. Moog alikuwa na akili ya kuunganisha kila kisanduku karakanani mwake, lakini alisubiri miaka 25 kabla ya kuunganishwa tena na jina la babake.